Tulivyomwomba Akai

Wiki iliyopita msichana mmoja aliyeajiriwa majuzi kuwa mshauri nasaha alinitembelea hapa Lodwar ili nimsaidie na maneno ya kuombea fedha za kaunti. Alikuwa ameandika vizuri, Kiswahili kizuri kushinda changu. Kulikuwa na kuimarisha, kulikuwa na kuwezesha, na mahali fulani katikati kulikuwa na "ustawi jumuishi wa kisaikolojia na kijamii". Nilisoma hadi mwisho, nikavua miwani, nikamuuliza, "Mwanangu, unataka nini?"

"Huduma, Sista."

"Huduma gani? Inaitwa nani? Inakaa wapi?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyegundua kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Nikamwekea chai, nikamsimulia habari za Sista Arot na jinsi tulivyomwomba Akai. Alipoondoka alikuwa amekunja karatasi zake na kuzitia mkobani. Najua nyuma yake wapo wengine wengi mnaoingia kazi hii, kwa hiyo nimeona niwaandikie nyote mara moja, msije mkanimalizia majani ya chai.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mstaafu. Nilizaliwa Kitale, kwenye baridi na mahindi, nikaletwa Turkana ningali mbichi kabisa, nikaapa kwamba nitaomba uhamisho kabla joto halijaniua. Bado niko hapa. Mama yangu aliuliza nitarudi lini hadi akachoka kuuliza. Sehemu kubwa ya miaka yangu nilifanya kazi chini ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye Sista Arot, mkuu wa kitengo chetu, binti wa wafugaji wa Lowarengak kule kando ya ziwa. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuwa amesoma hadi vyeti vikakosa ukuta wa kutundikwa. Hakuwa mpole. Ukichelewa kazini alikuamkia kwa jina lako lote, polepole, mbele ya wagonjwa, na ungetamani heri angekutukana. Nilimpenda tangu wiki ya kwanza, na sijaona mtu mwingine wa kumlinganisha naye katika kazi hii.

Mwanzoni mwa enzi zetu kazi ilikuwa kamba na sindano. Mtu aliletwa amefungwa, sisi tukamfungua, tukamchoma dawa ya kumtuliza, tukamwambia ndugu yake arudi mwezi ujao. Wasichana hatukuwaona. Nilidhani hawaugui. Sista Arot ndiye aliyesimama siku moja kwenye mlango wa wodi, akatazama safu ya vitanda, akauliza, "Mabinti wako wapi?"

Nikamwambia labda wako salama.

"Mwanaume akiugua anavunja nyumba, watu wanamleta," akasema. "Msichana akiugua anaosha vyombo vizuri zaidi. Nani atamleta?"

Tangu siku hiyo alianza kuwatafuta, na mimi nikimfuata nyuma nimebeba chupa ya maji.

Kuwatafuta ni jambo moja, kuwapata wakae ni jambo lingine. Mradi mmoja wa wafadhili ulitujengea chumba kule Kakuma, karibu na soko, mahali ambapo wenyeji na wakimbizi wote hupita. Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, mabati mekundu, na ndani viti viwili vinavyotazamana, katikati meza, juu yake karatasi laini za kufutia machozi. Nje, kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa ng'ambo ya pili ya lagha, ule mto mkavu, waliandika kwamba hapa ni mahali pa ushauri wa afya ya akili kwa wasichana walio hatarini. Sasa niambieni ninyi, msichana gani atapita chini ya maneno hayo mchana kweupe, soko zima likimtazama? Walioingia ni mbuzi. Walipenda baraza yetu kwa sababu ya kivuli, na kila wageni wa mradi walipokuja kutazama maendeleo, kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi na kufagia. Nilikuwa na ujuzi mkubwa wa kufagia kabla ya mimi kumsikiliza msichana hata mmoja.

Sista Arot alivumilia kwa muda. Kisha akaja na kopo la rangi, akapanda juu ya kiti kimojawapo kati ya vile vinavyotazamana, akayafuta maneno yote kwa mkono wake. Mwezi uleule Akai akaajiriwa na mradi, na hapo ndipo kazi ilipoanza kweli.

Akai alikuwa msichana wa Kiturkana wa palepale Kakuma. Alisomea ushauri nasaha Eldoret, lakini alikua akicheza na watoto wa kambi ya wakimbizi, kwa hiyo alikuwa na Kiturkana cha mama yake, Kiswahili cha Wakongo na Warundi, na Kiarabu cha Juba cha kutosha kufanya utani na kununua vitunguu. Siku ya kwanza aliingia ndani ya chumba chetu, akatazama vile viti, akavitoa nje vyote viwili. Akatandika mikeka. Akaleta kigoda, vichana, uzi, mafuta ya nywele na kioo. Ikawa saluni.

Nisikilizeni hapa, kwa maana haya hamtafundishwa chuoni. Msichana anayesukwa amekaa chini, wewe uko nyuma yake, hamtazamani. Hana haraka, kwa sababu hawezi kuondoka na kichwa nusu. Mikono yako iko kichwani mwake, na huenda ni muda mrefu hajaguswa kwa wema. Akitoka nje macho yakiwa mekundu hakuna atakayemuuliza, kwa sababu kila mtu anajua kusukwa kunauma. Na mama yake atamruhusu kuja, hata akiwa mkali namna gani, kwa kuwa mama gani anakataa binti asukwe bure? Wale wa Kongo waliwafundisha wetu mitindo yao, wetu wakawafundisha wenzao kutunga shanga, na katikati ya vicheko hivyo mmoja alikuwa akisema jambo kwa sauti ya chini, na Akai peke yake ndiye aliyesikia. Aliyezidiwa, tulimpeleka kwa daktari Lodwar. Wengi hawakuhitaji kufika huko.

Mimi pia nilijaribu kusuka. Msichana wa kwanza alijitazama kwenye kioo, akaita wenzake waje waone, wakacheka hadi mmoja akalala mkekani. Akai aliniambia kwa heshima zote kwamba nimesaidia sana siku hiyo, na kwamba kuanzia kesho nishike uzi tu.

Kosa langu lingine lilikuwa kuuliza. Nilifunzwa kuuliza. Nilimwona Akai akimsuka msichana mmoja mchana mzima bila kumuuliza chochote, nikamvuta kando. "Mbona humwulizi?"

"Sista, huyu ana nywele nyingi," akasema. "Tutafika tu."

Msichana huyo ndiye nitakayemwita Riziki. Si jina lake. Nilipomwambia nataka kuandika, alijichagulia hilo mwenyewe, akaniambia yaliyompata njiani kutoka Kongo ni yake, niyaache. Nimeyaacha. Aliishi Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, na shangazi yake, mama mmoja mwenye bidii aliyeuza maandazi, na kwa miezi mingi hakuwa amesema neno. Shuleni walidhani ana kiburi. Shangazi alidhani amerogwa, akamwombea kanisani, akamnywesha dawa za miti, mwishowe akamleta saluni kwa sababu mambo mengine yote alikwisha kuyajaribu. Akai alimsuka, juma lililofuata akamfumua, akamsuka tena. Riziki alikaa tu, mikono magotini.

Alhamisi moja nilikuwa mlangoni nikikunja uzi, nikasikia sauti nisiyoijua. Ilisema, "Unakaza sana."

"Pole," akasema Akai. "Nalegeza."

Basi. Hakuna kingine kilichosemwa siku hiyo. Mimi nilitaka kupiga makofi, nikataka kumwita shangazi, nikataka hata kuwapigia simu watu wa Kitale. Akai aliniinulia nyusi kidogo tu, nikarudi kwenye uzi wangu. Alhamisi zilizofuata maneno yakaongezeka. Riziki akaanza kula, akaanza kulala, akarudi darasani. Lakini kuongea, aliongea na Akai peke yake. Hata shangazi yake alimjibu kwa kichwa.

Kisha mradi ukafika mwisho, kama miradi inavyofika. Wafadhili walitushukuru kwa ushirikiano, wakatuachia kofia na fulana, na mshahara wa Akai ukakatika. Aliendelea kuja kwa muda, bila chochote, na mama yake nyumbani akinung'unika. Sista Arot alinikalisha akaniambia wazi hofu yake. "Akai akiondoka sasa, yule mtoto anafunga mdomo tena. Na safari hii sidhani kama tutaufungua. Lazima kaunti imchukue Akai."

Sasa, kuomba fedha za umma hatukuanza siku hiyo. Kila mwaka wananchi wanapoitwa kutoa maoni juu ya bajeti, tulikwenda na maneno mazuri, tukarudi na maneno mazuri. Maneno niliyaandika mimi. Wakubwa waliosikiliza hawakuwa wabaya. Walitikisa vichwa, na mmoja aliwahi kufuta machozi kabisa. Lakini wakati wa kugawa ukifika, mwenye kuomba kisima alipata kisima, mwenye kuomba dawa ya mifugo alipata dawa, na mimi niliyeomba kuimarishwa kwa huduma nilipata pongezi.

"Unaomba kama mtu wa Kitale," Sista Arot aliniambia mwaka huo, akisoma nilichoandika.

Nilijua alikuwa akikumbuka nini. Zamani, katika mwaka wangu wa kwanza, alinichukua twende Lowarengak nikamwone mama yake. Tulifika, tukasalimiana ejok, ejok, tukapewa maziwa, na yule mama akanitazama kutoka kichwani hadi chini, akasema jambo kwa Kiturkana.

"Anasema umpe viatu," akasema Sista Arot.

Nilishtuka. Kwetu mtu akitaka kitu chako husifia kwanza hali ya hewa. Nilicheka kwa aibu, nikasema, "Mwambie nitaona." Mama yule akageuza uso, na baraza lote likapoa. Sista Arot alinipa somo langu njiani tukirudi. "Ukisema utaona, umemwambia yeye si mtu wa kujibiwa. Mwambie hapana, na umpe sababu. Mwambie hivi viatu ndivyo nilivyo navyo na njia ina miiba. Angecheka, akakuomba kitambaa. Na wewe ungemwomba mbuzi."

"Mbuzi? Bure tu?"

"Si mbuzi tu. Yule mwenye doa, aliyekuwa amelala karibu na mlango. Ukisema nisaidieni mbuzi, unampa mwenye boma kazi ya kuchagua, na akichagua atakupa kiwete. Ukitaja yule mwenye doa, sasa ni juu yake. Ama akupe, ama atafute sababu. Na wewe huondoki mpaka aseme moja."

Nilijifunza. Kufikia mwisho wa ziara ya pili nilikuwa nimepata mbuzi mwenye doa, na yule mama alikuwa na viatu vyangu, na sisi wawili tukawa marafiki hadi alipofariki. Lakini kuomba hivyo ofisini, mbele ya watu wenye suti, sikuwahi kufikiria. Sista Arot alifikiria. Akaichukua karatasi yangu, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

Ukumbi wa Lodwar ulijaa siku ile. Feni zilizungusha joto kutoka upande mmoja hadi mwingine. Wavuvi waliomba mtambo wa barafu, watu wa Nariokotome wakaomba gari la wagonjwa, kila mmoja na jambo lake. Mwenyekiti alikuwa mheshimiwa mmoja mwenye shati jeupe, anaandika, hatazami watu. Zamu yetu ilipofika Sista Arot alisimama, akasalimia, ukumbi ukaitikia.

"Mheshimiwa, nimekuja kuomba."

"Omba, mama."

"Nipe Akai."

Kalamu ya mwenyekiti ilisimama. "Akai ni nini?"

"Ni mtu. Yuko Kakuma." Na Sista Arot akaanza kumweleza Akai kama anavyoelezwa mnyama unayemtaka kutoka zizi la mwenzako: mikono yake ilivyo mepesi, lugha alizo nazo, mahali anapokaa mkekani, wasichana wanaomjia na jinsi wanavyofika na jinsi wanavyoondoka. Riziki hakumtaja, wala msichana mwingine yeyote kwa jina. "Huyo ndiye ninayemtaka. Mumlipe yeye, na mtie mafuta pikipiki yake afike Kalobeyei. Sina lingine."

Mheshimiwa aliegemea nyuma. Nikaona uso wake ukibadilika, shati jeupe na cheo vikiondoka polepole, akibaki mtoto wa boma fulani anayejua kabisa mchezo huu unavyochezwa.

"Mama, pesa ni kidogo," akasema.

"Pesa sijaomba. Nimeomba mtu. Pesa ni shida yako wewe mwenye boma."

Watu wakacheka. Akajaribu tena. "Basi nikupe mmoja hapa Lodwar, hospitalini. Chumba kiko tayari."

"Huyo wa Lodwar sikumwomba."

Hapo akainuka mheshimiwa mwingine, mwanamke, na yeye hakuwa akicheka. "Mama Arot, mimi nakuheshimu. Lakini wale wa Kalobeyei wako na mashirika yao. Hii ni pesa ya Turkana. Binti zetu huku wanakatizwa shule na njaa, wanaozeshwa, nani anawasikiliza? Sisaidii wa nje kabla ya wangu."

Ukumbi ukampigia makofi, makofi ya kweli. Alikuwa na haki, ndiyo iliyoniogopesha.

"Umesema ukweli," Sista Arot akajibu, na akasubiri makofi yaishe. "Sasa twende pamoja Kakuma ukaone. Utakuta yule wa Kongo anamsuka binti yako. Binti yako alikuja kwa sababu ya huo msuko, si kwa sababu yangu. Mimi nikisema wa Kongo atoke nje, binti yako amesukwa nusu kichwa. Nimrudishe kwa mama yake hivyo?"

Yule mheshimiwa alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka na mkono mdomoni, na watu wote wakacheka naye. Kisha akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba atakwenda kuona, na nitamsifu daima kwa kuwa alikwenda kweli, na akatoka kule amesukwa.

Mwenyekiti alijifuta jasho. "Umeniomba kama mama yangu mzazi," akasema. "Nimekosa sababu."

Nafasi ikaingia katika bajeti: mshauri wa wasichana, Kakuma, mshahara wa kaunti, pamoja na mafuta ya pikipiki. Kwa sheria kaunti haiajiri mtu kwa jina, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Nafasi ingetangazwa, na Akai angeiomba kama mtu mwingine yeyote. Lakini nani angemshinda? Tuliendesha gari hadi Kakuma tukiimba nyimbo za kanisani, na nyuma tuna kreti ya soda.

Akai alikuwa mkekani, kichwa cha msichana magotini. Sista Arot alisimulia yote, na sauti zote, ya mwenyekiti na ya mheshimiwa wa pili. Wasichana walifurahi. Akai aliendelea kusuka.

"Mliniomba," akasema.

"Tulikuomba!"

"Mkaiomba kaunti. Mkamwomba na huyo mheshimiwa. Mimi mliniomba lini?"

Mimi na Sista Arot tulitazamana.

"Mimi si mbuzi, Sista," akasema Akai, bila kupandisha sauti. Alikuwa amepata kazi Eldoret. Angeanza mwezi uliofuata. Wasichana alikuwa amekwisha kuwaambia, kwa kuwa hawafichi mambo, na Riziki, tangu siku alipoambiwa, hakuonekana tena saluni.

Sista Arot akakaa chini mkekani, mwanamke mkubwa vile, mkuu wa kitengo, na magoti yake mabovu. "Una haki," akasema. "Basi nakuomba wewe. Baki, Akai."

"Hapana. Na sababu ninayo."

"Sema."

"Kila mtoto anatoka hapa amepunguza mzigo. Anauacha kwa nani? Mimi naenda nyumbani nao. Nikilala nasikia sauti zao. Mradi ulinipa fulana. Kaunti itanipa mshahara. Mimi niongee na nani, Sista?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa karibu kusema kwamba tutaangalia namna ya kuimarisha. Sista Arot alinifinya paja, nikakifunga. Akajisogeza, akakaa kwenye kigoda nyuma ya Akai, akachukua kichana.

"Geuka," akasema.

Wale wasichana waliinuka wenyewe, bila kuambiwa, wakatoka na soda zao barazani. Nami nikatoka. Tulikaa nje mchana wote, upepo wa Kakuma ukitujaza mchanga machoni, na kutoka ndani tulisikia sauti ya Akai ikipanda na kushuka. Alichosema sikukiuliza. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na nywele zake zilikuwa zimesukwa vibaya kuliko zilivyowahi kusukwa na mtu yeyote, hata mimi. Lakini alikuwa na masharti, na akayataja moja moja. Angebaki mwaka mmoja kwanza, aone. Kila mwezi mtu wa kazi yetu atoke Lodwar kuja kumsikiliza yeye, Akai, na jambo hilo liwe ndani ya bajeti, lisiwe fadhila ya mtu. Na aletewe mwenzake ajifunze.

Sista Arot alirudi kwa mwenyekiti kuomba mara ya pili. Mwenyekiti alipomwona mlangoni alisema, "Umerudi tena?" Akapata ile safari ya kila mwezi, akapata na ahadi ya mwenzake Akai, ambayo ilichukua muda lakini ilitimia. Safari hii hakuthubutu kumweleza mtu kama mbuzi hata kidogo. Kazi ya kumsikiliza Akai nilipewa mimi, na nikaifanya hadi nilipostaafu. Ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kuomba, tajeni mtu. Tajeni na atakayemsikiliza mtu huyo. Na kabla ya yote nendeni mkamuulize mwenyewe kama anataka.

Lakini siku ile ya nywele mbaya kulikuwa bado na jambo moja. Jua likielekea kushuka Akai alipanda pikipiki akaenda Kalobeyei kumwona Riziki, na sisi tukamfuata kwa gari, tukakaa mbali kidogo, mahali pa kusikia. Riziki alikuwa nje ya nyumba ya shangazi yake, akiosha sahani katika beseni. Alimwona Akai akija, akaendelea kuosha.

"Sitaenda Eldoret," Akai akamwambia. "Nimebaki."

Riziki akasuuza sahani, akaiegemeza ikauke, akachukua nyingine. Nilidhani amefunga mdomo kweli, na kwamba tumechelewa.

"Miye nilishaanza kukusahau," akasema hatimaye. "Kidogo kidogo. Juu siku yako ya kwenda isiniume sana."

Akai alichuchumaa kando ya beseni. "Umefika wapi?"

"Nilianza na sauti yako. Sauti imeisha." Akafikiri. "Mikono bado."

Akai akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, na akaanza kuongea. Aliongea habari za sabuni, za upepo, za kuku wa jirani, za bei ya andazi, chochote kilichomjia, bila kunyamaza, mpaka sahani zote zikaisha, na Riziki akazirudisha ndani ya maji, akaanza kuziosha upya.